Filamu ya Mwisho Ilibaki Kwenye Sura Yangu

Leo sura yangu mwenyewe imeniumbua. Na si kwa dakika moja. Saa moja na dakika arobaini, kwenye kitambaa kikubwa cha ukuta mzima, mbele ya watu wa avenue yetu yote, na mama wa korali walikuwa benchi ya kwanza. Ninaandika nikiwa nimejifungia ndani. Nimesukuma mashine ya kushonea mpaka kwenye mlango. Mwenye nguo yake kwangu apite kesho, leo sitoki.

Nianze mwanzo kabisa, mtu asije kusema nimeongeza chumvi.

Munanijua. Mimi ni Mado, mushonaji wa Mangobo, hapa Kisangani, na ninapenda filamu za zamani, zile nyeusi na nyeupe. (Najua. "Mado na filamu zake za batu walikufa." Nimezoea.) Kulikuwa na application moja ndogo, ya filamu hizo tu, hakuna mpira, hakuna muziki, hakuna kitu kingine. Cousin wangu anayekaa Ulaya alinipa code yake. Kwa miaka miwili hiyo code ndiyo ilikuwa safari zangu. Mvua inapiga mabati, nguo za wateja zimelala mezani, na mimi niko kwenye mji fulani wenye ukungu, nimevaa koti refu, natembea pembeni ya maji na mtu ambaye hasemi kitu. Mteja akipiga hodi, inanichukua muda kurudi Mangobo.

Leo asubuhi saa mbili nafungua application. Badala ya filamu, barua.

"Wapenzi watazamaji, asanteni kwa miaka yote tuliyoota pamoja. Leo saa sita mchana tunafunga."

Leo! Saa sita! (Baadaye nimeambiwa walikuwa wanatuma hiyo barua kwenye email mwezi mzima. Nani anasoma email?)

Nilikaa kidogo, mikono kwenye mapaja. Niliona aibu kulia kwa ajili ya application, lakini nililia. Halafu nikamkumbuka Tonton Rafa, na machozi yakakauka papo hapo.

Sasa munielewe hapa, maana hapa ndipo kila kitu kimelala. Tonton Rafa ni kaka mkubwa wa mama yangu. Ujana wake alifanya kazi kwenye salle ya sinema hapa Kisangani, ile ambayo leo ni kanisa. Hakuwa mtu wa machine. Yeye alikuwa mwenye micro, kipaza sauti. Filamu zilikuja kwa Kifaransa, na wengine Kifaransa hatukukinywa na maziwa ya mama, basi Tonton alisimama mbele, mgongo kwa picha, uso kwa watu, akieleza yote kwa Swahili na Lingala. "Sasa huyu mwanaume iko na hasira. Sasa muangalie, anatoa kisu." Watu walilipa kumsikia yeye kuliko kuona picha.

Filamu zilipanda mto na bateau kutoka Kinshasa, kila filamu kwenye makopo yake ya bati. Siku moja ikaja filamu ya mwanamke mfuaji wa nguo na facteur, mtu wa kupeleka barua. Mwanamke ni mjane, hakuna anayemwandikia. Facteur anamhurumia, anaanza kumwandikia barua mwenyewe, bila jina, na kila asubuhi anampelekea. Mapenzi yanaingia polepole. Kisha facteur anahamishwa mji mwingine, mwanamke anagundua nani alikuwa anaandika, anakimbia kwenda gare, kituo cha treni… na kopo la mwisho halikufika. Lilibaki kwenye bateau, ao lilianguka mtoni, mpaka leo hakuna anayejua.

Salle imejaa. Kitambaa cheupe, mwanga mtupu. Tonton na micro yake.

Basi alifanya nini? Alieleza mwisho ambao hakuuona. Alisema mwanamke alifika, facteur akashuka kwenye treni, wakaoana. Watu wakapiga makofi. Na benchi ya pili alikaa msichana mmoja, Véro, ambaye alikuwa amekataa posa yake mara mbili. Yule msichana alitoka nje na macho yamelowa, akamngojea mlangoni, akamwambia: "Bon. Kuya kuona papa, ulete posa."

Huyo ndiye Tantine Véro. Wameoana miaka hamsini na kitu. Na miaka hiyo yote, kila Tonton akichelewa kurudi, kila akisema "sikukunywa, nilionja tu," Tantine anamuuliza swali lile lile.

"Na ile filamu? Ile nayo ulinidanganya?"

"Walioana, Véro. Niliona na macho yangu."

Wiki tatu zilizopita nikaikuta ile filamu kwenye application. Nzima! Na mwisho wake! Mimi mjinga nikatangaza mezani, tunakula. Tantine akaweka kijiko chini. Akasema, "Tutaiangalia." Tonton akaacha kula, na ilikuwa pondu ya samaki, pondu anayoipenda. Tantine akaniapisha nisiiguse bila wao. Halafu wakaitwa Yanonge kwa ubatizo wa mjukuu, wakasema tutaiona tukirudi. Siku ya kuondoka Tonton alinivuta pembeni, pale kwenye bwawa la maji ya mvua, akanishika bega. "Mado, weye ni mutoto yangu," akasema. Akapanda moto, pikipiki ya kukodi, akaenda bandarini.

Ndiyo maana leo asubuhi niliruka.

Nikapiga simu, nikapiga tena, mpaka karibu saa nne ndipo ikapita. Walikuwa tayari mtoni, injini inanguruma.

"Tonton! Wanafunga filamu saa sita!"

"Nani anafunga?"

"Wenyewe! Hawafungui tena!"

"Sisi tunafika saa nane!"

(Nitasema ukweli, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesamehewa.) Lakini simu ikanyang'anywa. Tantine.

"Mado! Usiache ikimbie. Ikamate!"

"Nitaikamata na nini, Tantine?"

"Na simu! Si iko na camera?"

Iko na camera, ndiyo. Sasa niwaeleze simu yangu. Tangu ilipoanguka kwenye beseni la sabuni, kioo chake ni cheusi. Kimebaki kipande cha chini, ukubwa wa biskuti, na bahati nzuri hapo ndipo kinakaa kitufe chekundu cha kurekodi. Picha napiga kwa imani. Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimejipiga picha ya misuko yangu mipya nimtumie rafiki. (Mukamate hilo. Mimi sikulikamata.)

Kwa imani hiyo hiyo nikafuta picha zote za modeli za nguo ili nafasi ipatikane. Nikafunga mapazia, giza. Nikaweka ordinateur, kompyuta yangu, kwenye meza, na simu mbele yake, imesimama juu ya kopo la maziwa, chini kidogo ili nisizuiwe kuona. Nikabonyeza chekundu. Nikajimegea lituma, ndizi za kuponda zilizobaki jana, maana nani anaanza safari na njaa? Nikacheza filamu saa nne na robo.

(Mutaniambia ordinateur yenyewe inaweza kurekodi ndani kwa ndani. Asanteni sana. Mungesema jana.)

Jamani, ile filamu! Sijui niwaeleze vipi. Kuna maji ya kanali, mfereji mpana wa mjini, yametulia, na shuka nyeupe zimeanikwa pande zote mbili, upepo unazijaza na kuziacha. Facteur anapita katikati yake na baiskeli. Unaona kivuli tu, unasikia kengele. Mwanamke anatoa mikono kwenye maji, anaifuta kwenye aproni, anapokea barua kama anapokea mtoto aliyelala. Mimi Mangobo sikuwa tena. Nilisahau kopo, nilisahau simu. Mégas za internet zilipokwama na kile kiduara kikaanza kuzunguka, hata kiduara nilikiangalia kwa mapenzi.

Na mwisho niliuona. Saa sita kasoro dakika tano. Nitawaambia mwisho ukifika wakati wake.

Saa sita kamili, ukurasa ukawa mweupe. Mweupe tu. Nikagusa huku na huku, hakuna kitu. Nilibaki pale gizani na ule weupe kwenye uso, kama mtu aliyeachwa kwenye ngazi ya nyumba ya watu. Nikasimamisha kurekodi. Nikajaribu video: kioo cheusi, bila shaka, lakini sauti iko. Muziki uko. Kengele ya baiskeli iko. Nikasema Mungu mkubwa, imekamatwa.

Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza. Na mimi nilikuwa naupanda mti huku nacheka.

Saa tisa tukakusanyika kwenye salle ya Faustin. Faustin munamjua, yule mrefu, mpole, anayeonyesha mechi kwenye kibanda chake cha mbao, projecteur yake na kitambaa chake. (Kwa nini namtaja polepole? Mutaona.) Tantine alikuwa ameshatangaza tangu bandarini. Alitangaza sokoni. Alitangaza kwa korali. Benchi zilijaa, wengine wamesimama na watoto mgongoni. Tantine alivaa ile liputa, kitenge chake cha sikukuu, na akakaa benchi ya pili, sawasawa kama zamani. Tonton alikaa pembeni karibu na Faustin, kofia magotini, anaizungusha.

Faustin akachukua memory card yangu, akaiweka. Akazima taa. Ule muziki ukaanza, muzuri, wa mbali.

Na kwenye kitambaa ikatokea pua.

Pua yangu. Kutoka chini. Matundu mawili makubwa, juu yake kidogo macho, chini yake kidevu, na chini ya kidevu, kidevu kingine ambacho sikujua ninacho. Camera ilikuwa bado upande wa misuko! Ilikuwa inaniangalia mimi! Filamu ilikuwa nyuma ya simu, na simu ilikuwa inanikamata mimi, mzima mzima, natafuna lituma.

Salle ikanitambua. Kisha ikalipuka! Kuna mama mmoja wa korali alianguka kutoka kwenye benchi, na si kwa namna ya kusema. Mtu wa nyuma akapiga kelele, "Filamu iko wapi?" Mwingine akajibu, "Anaikula!"

"Faustin, zima!" nikalia. "Nakuomba, zima!"

Faustin akanyoosha mkono. Na hapo Tonton Rafa akasimama.

"Acha," akasema.

Akatembea mpaka mbele. Akaangalia kile kitambaa, ile sura yangu yenye mwanga na kivuli, mwanga na kivuli, maana filamu ilikuwa inanimulika. Akaangalia sana. Watu wakapungua kucheka.

"Miye filamu sikuangaliaka hata moja," akasema. "Nilikuwa napatia picha mugongo. Naangalia batu. Mutu akicheka, najua ni nini. Akifunga mudomo, najua ni nini. Filamu yote iko kwa sura ya mutu. Bon. Sura njo hii. Faustin, leta micro."

Faustin akaleta ile micro ya kutangazia mechi.

Na Tonton akaanza! Sauti ileile mama yangu aliyokuwa anaisimulia. "Sasa ni asubuhi. Muone mwanga kwa paji la uso yake, iko mweupe, inacheza: ni nguo zimeanikwa, kuna upepo. Sikieni kengele. Facteur anakuja. Muangalie macho ya Mado yanatoka kushoto, yanaenda kulia… anapita… anapita… amesimama." Na kweli, macho yangu juu ya kitambaa yalisimama. Na sauti ya mwanamke ikasema bonjour.

Hakuna aliyecheka tena. Naapa. Nje jua linawaka, moto zinapita, na ndani mle kwenye giza la mbao watu wote wa avenue walikuwa wanaangalia uso wangu, na kwenye uso wangu walikuwa wanaona kanali. Mimi mwenyewe niliiona. Nilisahau aibu. Nilikaa chini kwenye udongo, mgongo kwenye ukuta, nikajiangalia nikiota.

Lakini aibu haikunisahau. Kumbe mimi nikiangalia filamu, ninazungumza. Sikujua! Miaka miwili naangalia peke yangu, nani angeniambia? Na sauti yangu, kwa kuwa ilikuwa karibu na simu, ilisikika kuliko ya filamu.

Ikafika pale mwanamke anasoma barua ya kwanza. Kwenye kitambaa Mado anaacha kutafuna. Macho yanajaa. Anashusha pumzi, halafu anasema, wazi, kwa sauti ya salle nzima:

"Ona barua hiyo. Na Faustin, hata SMS moja hajue kuandika."

Aïe, mama yangu.

Benchi zote ziligeuka. Si kwangu. Kwa Faustin. Yeye alikuwa amesimama kwenye mwanga wa projecteur, hana pa kujificha, anafuta mikono kwenye suruali. Nikavuta kitambaa cha kichwa mpaka kwenye mdomo. Tonton, Mungu ambariki, hakusita hata kidogo. "Sasa mwanamke anafikiri mutu mwingine," akasema kwenye micro, na akaendelea.

Pale mégas zilipokwama, tulipata dakika nne nzima za mimi kutoa kipande cha lituma kwenye jino la nyuma, na kidole. Tonton akasema, "Hapa ni entracte, mapumziko." Nashukuru.

Basi tukafika mwisho. Facteur amehamishwa. Barua zimegunduliwa. Muziki ukapanda, na viatu vya mwanamke vikaanza kukimbia kwenye mawe, ko, ko, ko, ko. Kwenye kitambaa ninasimama nusu. Nasema, "Kimbia, mama! Kimbia!" Tonton akainua micro. Na kwa mara ya kwanza, sauti yake ikakwama.

Tantine Véro akasimama benchi ya pili.

"Rafa, nyamaza. Faustin, simamisha."

Faustin akasimamisha. Mimi, kwenye kitambaa, mdomo wazi.

"Mado. Weye uliona. Simama." Nikasimama. "Uliniapia kutogusa bila sisi, leo umeona peke yako, sikukasirika. Niambie kitu kimoja tu. Walioana ao hapana?"

Nikamuangalia Tonton. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia viatu vyake, mzee wa watu, na ile micro ameishika na mikono miwili.

Ningefanya nini? Ninyi mungefanya nini?

"Walioana, Tantine."

"Vizuri vizuri?"

"Vizuri vizuri! Kanisani! Na maua. Na gâteau, keki ya ngazi tatu." (Ngazi tatu! Nani aliniuliza ngazi?)

Salle ikashangilia. Mama wa korali wakapiga vigelegele. Tonton aliinua kichwa, macho yake yananiambia asante. Tantine akakaa, akajipangusa jasho, akasema, "Bon. Tuone hiyo gâteau."

Nikasema hapana, Tantine, hakuna haja, twende tukale. Tayari Faustin amebonyeza.

Ko, ko, ko, ko. Viatu. Halafu filimbi ya treni. Halafu mashine inavuta, polepole, haraka, haraka zaidi, mbali. Na mimi kwenye kitambaa, mwanga unanipita usoni, dirisha baada ya dirisha baada ya dirisha, mpaka mwanga unaisha. Ninakaa chini. Machozi yanashuka na hayafutwi. Kamasi pia. Unabaki muziki tu, mdogo.

Kisha Mado wa kitambaa anajifuta na kona ya liputa. Anasema:

"Treni imeenda. Hawakuonana hata." Anavuta kamasi. "Mawa, huzuni gani hii. Tantine Véro nitamwambia nini miye? Bon. Nitamwambia walioana. Tonton asipate haya mbele ya batu."

Anafikiri kidogo.

"Nitaweka na gâteau."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Yangu ilikuwa dakika mbili.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka! Kitambaa kikawa cheupe, ule weupe wa saa sita, na salle nzima ikamulikwa, kila mtu anaonekana. Tonton amesimama mbele ya mwanga mtupu na micro mkononi. Nilifikiri: Mungu wangu, nimemrudisha palepale.

Tantine Véro alitoka kwenye benchi. Alitembea mpaka mbele yake.

"Donc ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Tangu siku ile."

"Tangu siku ile, Véro."

"Kwa nini?"

Tonton alisahau kwamba micro iko mdomoni. Tulisikia wote.

"Ulikuwa benchi ya pili. Kopo limeisha, miye naangalia batu. Nikaona sura yako. Ile sura, Véro, sikuweza kuirudisha nyumbani na treni tupu."

Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa changu cha kichwa. Miaka hamsini na kitu ya ndoa, watoto, wajukuu, ubatizo wa juzi, na kila kitu kilikuwa kimening'inia pale kwa sababu ya kioo changu cheusi.

"Leta micro," Tantine akasema.

Akaichukua. Akatugeukia sisi. Akapiga mara mbili, pu, pu, kama padri.

"Munisikie vizuri. Huyu Mado iko mutoto, ameona nusu. Rafa naye hakuona kitu. Miye nitawaambia. Huyo mwanamke alisikia treni inaondoka, alilia, muliona. Lakini nawauliza ninyi batu ya Kisangani." Akanyoosha kidole kwetu. "Treni gani iliwahi kuondoka na ikafika?"

Mzee mmoja nyuma, aliyefanya kazi reli ya Ubundu, akasema polepole: "Haiko."

"Haiko! Ilienda mpaka kwenye kona. Ikapata panne, mashine imekufa. Siku tatu wako kwa musitu, wanapika chakula pembeni ya njia. Mwanamke akakata njia na mguu, akamkuta facteur anakaa juu ya valise yake ya nguo. Akamwambia: bon, kuya kuona papa. Wakaoana. Filamu imeisha."

Nilidhani kibanda kitaanguka! Watu walipiga benchi, walikanyaga chini, mama wa korali wakaanza wimbo, na yule mzee wa reli alikuwa anarudia, "Panne! Ni kweli! Panne!" Tantine akamrudishia Tonton micro, akamshika mkono wa shati, akamwambia, chini chini lakini ile micro bado inasikia: "Na pombe ya wiki iliyopita, ile nayo ulionja tu?" Akamvuta, wakaenda nyumbani.

Sasa ni saa kumi na mbili jioni. Mvua imeanza, naisikia kwenye mabati. Nilifungua application tena, kwa mazoea tu. Weupe. Zile filamu zote, ile miji yenye ukungu, makoti marefu, sijui wameenda kuziweka wapi. Imebaki moja hapa Kisangani, na ndani yake kuna pua yangu.

Nje watoto wa jirani wanapita wanaimba "nitaweka na gâteau". Jumamosi saa tisa salle imeshakodishwa kuionyesha tena, watu wa mtaa wa Simi-Simi wamesikia na wao wanakuja. Tonton ameomba apewe micro. Tantine amesema mwisho ni wa kwake.

Nawaomba kitu kimoja, wapendwa. Muniandikie lolote, lakini musicheke. Na kama kuna mtu anajua namna ya kusoma SMS kwenye simu yenye kioo cheusi, apige hodi haraka. Imelia sasa hivi mara tatu, na kwenye kile kipande cha biskuti naona mstari mmoja tu, wa mwisho: "…ni mimi Faustin. Nimejaribu kuandika."